YAH: SHANGINGI MLILONIUZIA NA MANENO NILIYOAMBIWA KAUNTA KWENU

Kwa Meneja, Tawi la Tabora.

Habari za kazi. Naandika kwa heshima maana ndivyo nilivyolelewa, ila heshima yangu msidhani ni woga.

Ni ile Land Cruiser 100 VX ya dizeli, injini ya 1HD-FTE, nyeupe. Faili mnalo, waranti mmeiandika wenyewe na muhuri mmegonga wenyewe, kwahiyo sitawasomea. Injini imo, haidroliki imo.

Nianze na hiyo haidroliki, AHC, ule mfumo wa mafuta unaonyanyua na kushusha gari. Gari limelala, ukipita tuta linadunda kama mkokoteni wa ng'ombe. Mkaniambia eti ni barabara za Tabora. Barabara za Tabora! Nzega mpaka hapa lami, Sikonge lami, sasa barabara ipi hiyo? Fundi wangu wa Ng'ambo, ambaye hana hata bango, alinyanyua gari mpaka juu, HI, akaangalia mafuta ya mfumo huo kwenye kopo lake, akalishusha mpaka chini, LO, akaangalia tena. Mipira ya gesi, ile inayolainisha mdundo, ikiwa mizima mafuta yanapanda kama alama 14, yakiwa chini ya 7 mipira imekwisha. Yangu yamepanda 3. Ipo minne, yote imekufa, na haifi ghafla hivyo, ilikuja imekufa. Nyie mkaniandikia profoma, laki 9 kila mmoja, na mafuta na ufundi juu yake, milioni 4 na laki 2, NILIPE MIMI. Au eti ning'oe yote niweke springi na shokapu za kawaida, napo kwa hela yangu. Ningetaka la springi si ningenunua la springi? Yapo, tena bei nafuu.

Sasa kaunta. Nimefika na profoma mkononi nimeuliza taratibu kwanini nilipie kitu kilichomo kwenye waranti, yule kijana wa spea, macho kwenye simu, akanijibu: "Mzee, shangingi sio la kila mtu, kama hela ya matunzo huna ungechukua IST." Watu wakacheka.

Na belti je? Hii ilitangulia kabla ya kaunta, nimeiruka kwa hasira. Mlisema taimingi belti mpya, na kweli taa yake kwenye dashibodi, T-BELT, ilikuwa haiwaki. Taa ile inawaka yenyewe kilomita zikitimia, fundi akishafunga belti mpya ndo anaizima. Nyie mmezima taa mkaacha belti. Tumefungua kava tumekuta kitu cha zamani, kimepasukapasuka. Injini hii belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo huongelei tena belti na beringi yake, unaongelea kufungua silinda hedi, pengine injini nyingine kabisa. Na mimi nimeshaenda nalo mpaka Mpanda na wajukuu nyuma, nimekatiza Ipole porini kule kwenye mbung'o. Mungu tu.

Rejeta sisemi sana, tanki la juu la plastiki lilipasuka nikanunua nyingine nikanyamaza. Gari la mtumba nalijua, mabushi, bolijointi, pedi, hivyo vyangu. Siwadai bushi mimi.

Narudi kaunta maana naona hamjanielewa. Siku ile nilikuwa na mkwe wangu, katoka Urambo kunisindikiza. Mbele ya mkwe! Kijana ambaye ningeweza kumzaa ananiambia sina hela ya matunzo, mkwe wangu anaangalia sakafu, profoma inanitetemeka mkononi, na msimamizi wenu kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai naye anatabasamu, hata "pole mzee" hakuna. Milioni 48 nimewapa kwa mkupuo, hela ya tumbaku hiyo, alafu sina hela? Na IST ina ubaya gani? Mkwe wangu anaendesha IST!

Nilipokuja siku ile nilitaka mipira minne tu mfunge bure. Sasa nataka mipira, belti na beringi yake, hela yangu ya rejeta, na yule kijana aje aombe radhi mkwe wangu akiwepo, ikibidi apande basi mpaka Urambo. Na nikifikiria vizuri, hapana, chukueni gari lenu nipeni milioni 48 zangu.

Nawapa siku 14. Zikipita naenda Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ipo na kumdanganya mteja kuhusu bidhaa imekatazwa humo. Nikitoka huko napita TRA na ile risiti yenu ya mashine ya kodi, EFD, maana mkataba unasema milioni 48 na risiti inasema 30, nami ningependa kujua 18 zimekaa wapi. Hiyo nilikuwa sitaki kuitaja.

Profoma yenu, picha za belti na video ya kopo la mafuta nimeambatanisha. Namba yangu mnayo, safari hii mpige nyie, na asipige yule kijana.

Mteja wenu,
Tabora.