Simiti ndiyo inayotumalizia Mji wa Kale

Mhariri,

Kila nyumba ya zamani ikianguka huku Mji wa Kale wa Mombasa watu hupiga kelele siku mbili tatu ati matajiri wametumaliza na maghorofa yao, na ni kweli tamaa ipo, ploti iko hatua chache tu kutoka Fort Jesus nani asiitake. Lakini mimi mkaazi wa Kibokoni navyoona nyingi ya hizi nyumba hufa kitambo kabla tingatinga halijafika, na mara nyingi kilichoziua ni mfuko wa simiti.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yapumua, unyevu wa masika huingia na jua likiwaka hutoka. Sasa mwenye nyumba aona plasta yabanduka, aita fundi wa siku hizi, ukuta wote wapigwa simiti mpaka chini, wang'aa, majirani wasifu. Kumbe maji yamefungiwa ndani pamoja na chumvi, miaka michache plasta yaondoka mapande mapande na jiwe lenyewe lishakuwa unga, na vile vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vishaoza, na boriti ndizo zilizobeba sakafu ya juu. (Ndio sababu vyumba vya zamani ni vyembamba, upana wa chumba ni urefu wa boriti, sio ati wazee hawakujua kujenga!) Hapo ndio waja kuambiwa nyumba ni hatari, ibomolewe.

Na wako wengine simiti hata hawapigi, wang'oa mabati tu waiache inyeshewe mpaka ianguke. Hao twawajua.

Sheria tunayo, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na Fort Jesus iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011. Sawa. Lakini kumkataza mtu kubomoa hakuzibi paa linalovuja. Mama mjane anaekaa kwenye nyumba ya mirathi, ndugu wako kumi, nusu yao wako Uarabuni hawatumi hata shilingi, huyo mwamtarajia atoe wapi pesa ya boriti? Akija mtu na hela mkononi atauza, na mimi simlaumu.

Hatusemi tugeuzwe makumbusho, choo kizuri na jikoni ya kisasa twataka kama watu wa Nyali. Twaomba kaunti imsamehe ada ya kibali yeyote anaetengeneza kwa chokaa na boriti, na wale mafundi wazee wa chokaa waliobaki walipwe wafunze vijana sasa hivi, wakiwa bado wana nguvu. Leven House, nyumba ya zamani pale baharini, ilikarabatiwa na imesimama, kwa hivyo tusiambiwe haiwezekani.

Na wanaong'oa mabati makusudi wasitozwe faini tu, walazimishwe kurudisha paa kwa gharama yao wenyewe, na ploti isipewe kibali cha ghorofa hata nyumba ikianguka.

Mkaazi wa Kibokoni,
Mombasa