Mwanangu, kwa nini tunapiga leza angani

Mwanangu mpendwa,

Mimi mzima, ila baridi ya Antaktika haina mzaha. Umeniuliza kwa nini tukae gizani huku tukimulika mbingu, ilhali setilaiti ziko tele. Swali la haki.

Puto la hali ya hewa hupasuka likifika kilomita 35 au 40. Setilaiti nayo ikishuka chini ya kilomita 150 hivi, hewa huikokota mpaka iungue. Katikati hapo, kwenye hewa tunayoipima, chombo hakikai. Roketi hupita kwa dakika chache tu, na setilaiti huchungulia kwa mbali ikikimbia. Leza yetu haibanduki mahali pamoja usiku kucha, mradi kusiwe na mawingu (nayo hayatuonei huruma).

Vimondo vinavyoungua huacha atomu za sodiamu na chuma, hasa kati ya kilomita 80 na 105. Kwa sodiamu tunapiga leza ya manjano ya nanomita 589, rangi ambayo atomu hizo huimeza na kuitema. Kila mpigo wa leza hubeba fotoni, yaani chembe za mwanga, zisizo idadi. Zinazoingia kwenye darubini tunazihesabu moja moja. Muda wa kwenda na kurudi hutupa kimo, na rangi ikisogea kidogo tu tunajua upepo unavuma kwenda wapi.

Sasa sikia kioja. Juu ya ncha za dunia, kwenye kilomita 85 au zaidi, baridi kali kuliko zote hupiga wakati wa kiangazi, jua likiwa halizami! Huweza kupita nyuzi 130 chini ya sifuri. Mawimbi ya hewa yanayozaliwa huku chini, milimani na kwenye dhoruba, huvunjika yakifika juu na kusukuma upepo. Hewa ya upande wa kiangazi hupanda, hutanuka, hupoa. Ndiyo maana mawingu ya barafu hujitunga huko, yale ambayo kituo cha ALOMAR, Norwe, huyapima kwa leza.

Na mwaka 2011, karibu na McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani huku Antaktika, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliona atomu za chuma kwenye kilomita 155. Hakuna aliyezitarajia huko.

Data uliyoomba nitakutumia, ya usiku mmoja wenye anga safi. Ukichora grafu, anzia kilomita 30. Chini ya hapo mwanga unaorudi ni mwingi mno, ungepofusha kipokezi, kwa hiyo tunauziba makusudi.

Mama yako