El Vez asichukuliwe kuwa mwigaji tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapa juu ya wasanii wanaomuenzi Elvis Presley, mwimbaji maarufu wa Marekani, kwa kumuiga, ambamo El Vez alitajwa katika sentensi moja tu, kuwa ni mchekeshaji mwenye masharubu membamba na kofia pana ya Kimeksiko. Sikatai kwamba anachekesha. Ninachokataa ni kumtia kapu moja na watu wanaoshindana kufanana na marehemu kwa nywele na sauti, kwa sababu yeye amejivika umbo la Elvis ili aizungumzie jamii yake mbele ya watu ambao pengine wasingekuja kuisikiliza.

El Vez ni jina la jukwaani la Robert Lopez, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, mwenyeji wa Chula Vista, mji wa California, Marekani, ulio karibu kabisa na Tijuana, mji wa Meksiko ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1970 alipiga gitaa katika The Zeros, bendi ya vijana wa huko iliyopiga panki, muziki wa roki wa kasi na makelele, na mwaka 1988 alikwenda Memphis, mji aliofia Elvis, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa El Vez. Amewahi kueleza kwamba utotoni alimwona Elvis akifanana na wajomba zake, kwa mitindo yao ya nywele na suruali. Maelezo hayo nayaona mazito, hasa nikikumbuka kwamba mwaka 1963 Elvis alicheza filamu yenye kisa kinachotokea Acapulco bila yeye mwenyewe kufika huko, maana sehemu zake zilipigwa Hollywood. Meksiko ikawa pazia tu nyuma ya nyota. Kwa Lopez, Mmeksiko ndiye anayesimama mbele, na Elvis ndiye vazi.

Mwandishi wenu angesikiliza walau wimbo mmoja, Immigration Time. Muziki wake ni wa Suspicious Minds, ambao Elvis aliutoa mwaka 1969, kilio cha mtu aliyenaswa katika mapenzi yaliyojaa shaka. Lopez amebadili maneno, na sasa aliyenaswa ni mhamiaji, kilichomnasa ni uzio wa mpakani, na msikilizaji anayeujua wimbo wa awali hana budi kujiuliza ni nani anayemshuku nani. Hayo hayakuwa mambo ya kubuni. Mwaka 1994, mwaka uleule alipotoa albamu yake ya Graciasland, wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 187, lililokusudia kuwanyima wahamiaji wasio na vibali elimu ya umma na sehemu kubwa ya huduma za afya, kabla ya mahakama kulizuia.

Wapo watakaosema kwamba kubadili wimbo wa mtu ni kumvunjia heshima. Lakini That's All Right, uliomfungulia Elvis njia mwaka 1954, ulikwisha kurekodiwa na Arthur Crudup, mwanamuziki mweusi, mwaka 1946. Lopez alipouimba kwa namna yake na kuuita Esta Bien Mamacita, aliuendeleza wimbo ambao tayari ulikuwa umepita mikono zaidi ya mmoja.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya wale wanaoona kwamba kofia ile na masharubu yale yanawapa watazamaji sababu ya kuendelea kuwacheka Wameksiko. Hatari hiyo ipo, na huwa kubwa zaidi pale anayemwandika msanii anapoishia kwenye mavazi. Ndiyo maana naomba gazeti lako limrudie El Vez katika makala kamili, na aliyepewa kazi hiyo azisikilize nyimbo zake kwanza, neno kwa neno, kabla hajaandika lolote juu ya kofia.

Wako,
Msomaji, Tanga