Risala ya mafundi na wenye vinu wa Busia, Uganda, kwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Kazi wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji,
Viongozi wa dini,
Mafundi wenzetu, wazazi na majirani,

Habari za asubuhi. Tunakushukuru kwa kufika. Wilaya nzima inakusubiri wewe, na sisi ni ua mmoja tu kando ya barabara ya kwenda mpakani. Ulipoingia getini uliona mstari wa manjano chini. Huo ni mwisho wa mteja. Zamani mteja alikuja kusimama begani kwa fundi aone geti lake linavyochomelewa, na watoto walichezea chini ya mageti yaliyoegemezwa ukutani. Siku moja geti liliteleza. Mungu alisaidia, likaangukia ndoo. Mtoto angeumia, tusingepata pa kujifichia.

Ua huu una karakana tisa: wachomeleaji, maseremala, fundi wa betri na vinu viwili vya mahindi. Aliye na vijana wengi ana sita. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inadai kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, kwa hiyo mmoja mmoja hatuguswi. Lakini tukijihesabu ua mzima tunapita 40, na moto ukiwaka hautauliza nani mwajiri wa nani. Kinu kinapakana na mchomeleaji. Vumbi la unga hushika moto, na cheche zilikuwa zikirukia upande huo kila siku. Basi tumeunda kamati moja ya wote, tumejenga ukuta wa matofali katikati, na kuchanga pesa za mtungi wa kuzimia moto.

Mheshimiwa, hayo yote hatukuyafanya kwa hekima yetu. Mwaka jana msimu wa mahindi, kijana wa kinu alipoteza vidole viwili. Mkanda uliruka, naye akataka kuurudisha kwenye puli injini ikiwa inazunguka. Sote tulifanya hivyo, maana kuzima na kuwasha tena kunakula dizeli, na foleni ya kina mama iko mlangoni. Mwenye kinu alisema, "Amejitakia." Mwenye kinu huyo ndiye anayekusomea risala hii.

Ofisi yako ndiyo iliyonifungua macho. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haisikilizi neno "amejitakia": fidia hulipwa hata kama mfanyakazi alizembea. Ulemavu kamili ni mshahara wa miezi 60, na ulemavu wa sehemu ni asilimia ya hiyo, kwa kipimo cha daktari. Kijana alikuwa akipata shilingi 240,000 kwa mwezi. Mara 60 ni 14,400,000. Daktari akaandika asilimia 10, nikalipa 1,440,000 na pikipiki yangu ikaenda. Tena tulibishana wiki nzima juu ya mshahara wenyewe, kwa sababu nilikuwa nalipa mkono kwa mkono bila daftari. Sasa kila karakana ina daftari, na kila anayelipwa anatia sahihi au dole gumba.

Kifuniko cha mkanda, yaani bati, nondo na ufundi, kilinigharimu 90,000. Fundi aliyekitengeneza anakaa hatua kumi kutoka kinu changu. Hatua kumi, Mheshimiwa.

Hatujafika bado. Wapo wanaochomelea kwa miwani ya jua, usiku wanalala na kitambaa chenye maji machoni. Vioo vya kuchomelea tumewanunulia, kwani sheria inasema vifaa vya kinga hutolewa bure na mwajiri, lakini vijana wanasema vinawachelewesha. Nyaya za umeme zilizoungwa kwa utepe bado zipo, hasa kwa maseremala. Wenyewe wananisikia.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni bima. Sheria hiyohiyo ya fidia inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, lakini tulikokwenda kuuliza tuliambiwa karakana ya watu wanne ni ndogo mno. Tunaomba utusaidie tupokelewe kama kundi moja. La pili ni lugha. Matangazo ya usalama tunayoletewa ni ya Kiingereza matupu. Ua huu una Wasamia, Waiteso, Waganda na ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Tuandikieni kwa Kiswahili, tutayabandika leo hii.

Kijana wa kinu amerudi kazini, ameketi safu ya pili. Siku hizi mkanda ukiruka, injini inazimwa, na hendeli ya kuiwashia inakaa mikononi mwake mpaka mkanda urudi mahali pake. Tumemwomba yeye ndiye akutembeze uani.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, mafundi na wenye vinu wa Busia.