Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaosomea Uchungaji: Roboti na Kitanda cha Mgonjwa

Wanangu wapendwa katika Kristo,

Niliusikiliza mjadala wenu kuhusu roboti zenye umbo la binadamu, nikatoka na uchungu moyoni. Mlibishana kwa muda mrefu iwapo roboti yaweza kubatizwa, kisha mmoja wenu akasema kwamba kumwombea mgonjwa mahututi ni kazi ambayo mashine ingeifanya vizuri kuliko mchungaji, kwa kuwa haichoki wala haisahau maandiko. Mkampigia makofi.

Ni kweli kwamba haichoki, lakini asiyeweza kuchoka akikesha, amejinyima nini kwa ajili ya mgonjwa? Nimewashika mikono wengi waliokuwa wakikata roho, na sikumbuki hata mmoja aliyejali kama nimekosea aya; walitaka mtu ambaye naye atakufa, anayeijua hofu ile, akae nao asiondoke. Neno alifanyika mwili, akamlilia Lazaro machozi, akaona kiu msalabani. Mkiliacha hilo, mtahubiri nini?

Mambo haya yamekwisha kuanza. Mwaka 2017 huko Wittenberg, Ujerumani, katika maadhimisho ya miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, Kanisa la Kiinjili la Hesse na Nassau lilionyesha roboti BlessU-2: mtu alichagua lugha, na sauti ya kiume au ya kike, mashine ikainua mikono, viganja vikatoa mwanga, ikatamka baraka. Walioiweka walitaka watu wajadiliane, nami nawasifu, maana waliuliza kabla ya kushangilia. Mwaka 2019 hekalu la Kibudha la Kodaiji mjini Kyoto, Japani, lilizindua Mindar, roboti yenye sura ya Kannon, mtakatifu wa huruma kwa Wabudha, ili iwahubirie waumini. Wabudha wa huko huamini kwamba Kannon hujidhihirisha kwa maumbo mengi, kwa hiyo wana msingi wao. Ninyi mna upi?

Kuhusu pumzi ya uhai, someni Mwanzo 2:7. Kuhusu sanamu zenye vinywa zisizosema, someni Zaburi 115, mkikumbuka kwamba hizi za leo zinasema, na hapo ndipo penye kazi yenu.

Wala msiilaumu mashine peke yake. Mzee anayeongea na roboti kutwa nzima aliachwa kwanza na watoto wake, na jirani zake, na sisi wachungaji tuliojaza ratiba zetu vikao. Kabla hamjakutana tena kujadiliana, nendeni wodini, kila mmoja akae na mgonjwa asiyetembelewa na mtu, na simu mziache nyumbani.