Mpapase Pili leo hii

Pasua, Moshi
16 Juni 2024

Mama Imani mpenzi,

Salaam nyingi sana. Natumai mko wazima wote, na mgongo wa Baba Imani umetulia. Huku baridi imeingia na manyunyu yake, mlima hatujauona tangu Jumatatu. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, na meseji zako mbili sikuzijibu. Usinune, nitakueleza. Ila kabla hujasoma mbele, iweke barua hii chini, mwite huyo mbwa wako Pili, mlaze chali umpapase matiti. Yote, moja moja, anzia yale ya nyuma karibu na mapaja. Unatafuta kitu kigumu chini ya ngozi, hata kama ni kidogo kama punje ya choroko. Ukimaliza, rudi tuendelee.

Mbwa wangu Chausiku ana kansa ya matiti.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa namwogesha dawa ya kupe, kidole kikapita juu ya kitu pembeni ya chuchu ya mwisho, upande wa kushoto. Nikajua ni kupe. Nikakivuta kwa kucha, hakitoki, naye akageuza shingo akanitazama tu, hakulia. Nikasema kitaisha chenyewe. Ni hapo ninaporudi kila usiku nikikosa usingizi. Nilimpeleka Januari, wakati huo kimeshakuwa kama limau. Daktari alikikata, kipande akakitia kwenye kichupa cha fomalini, kikapanda basi kuja huko huko kwenu Morogoro, SUA, chuo kikuu cha kilimo, kupimwa. Sikukwambia kwa sababu nilitaka nikupigie na majibu mazuri.

Majibu hayakuwa mazuri. Na wiki mbili baada ya Pasaka uvimbe mwingine ukaota pembeni ya mshono, ukakua haraka, ukapasuka. Tukaenda Arusha kupiga picha ya kifua. Mapafuni kuna madoa ya mviringo, daktari alinionyesha kwenye mwanga, hata mimi niliyaona. Akasema kumpasua tena ni kumtesa, tumtunze nyumbani asiumie.

Sasa sikia jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningelia. Daktari aliniuliza kama Chausiku amewahi kupigwa sindano za kuzuia joto, yaani asitake dume. Unamkumbuka yule bwana wa sindano? Alikuwa anaanzia kwako kwa Pili, kisha anavuka barabara kuja kwangu, na sisi tukimshukuru kwa kutupunguzia madume ya mtaa getini. Miaka minne, Mama Imani. Nimeambiwa zile homoni huchochea matiti ya mbwa kuota uvimbe. Daktari hakusema ndizo zilizomponza Chausiku, kwa mbwa mmoja huwezi kujua. Lakini alisema jike akifungwa kizazi kwa kutolewa ovari mapema, kabla joto la kwanza halijamwingia, ugonjwa huu humpata kwa nadra sana. Hakuna aliyetuambia. Na Pili ni tumbo moja naye, sindano zile zile. Ndiyo maana nimekuamuru kama mtoto hapo juu, nisamehe.

Siku zetu ziko hivi. Asubuhi nachemsha maji, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nayaacha yapoe, ndipo namwosha kidonda. Harufu yake sikudanganyi, ni nzito, mara ya kwanza nilitoka nje nikashika ukuta. Nafuta usaha kwa gozi ya kidonda, natupa, nachukua nyingine. Adui mkubwa ni nzi. Wakitaga pale, kesho una funza, kwa hiyo kidonda hakikai wazi hata kidogo. Bandeji alikuwa anaing'oa kwa meno, mpaka Mama Neema akachukua fulana ya zamani ya Baraka, ile ya michezo ya shule, akaitoboa miguu na kuitia lastiki tumboni kwa cherehani yake. Inakaa kabisa! Tunazo tatu, moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kwenye beseni. Akishavalishwa anakwenda mwenyewe mpaka getini, anasimama na ile namba saba mgongoni, anawatazama wapita njia.

Ugali na dagaa amevikataa. Anakula ini nililolichemsha bila kitunguu, na lazima liwe vuguvugu ili lipate harufu, la baridi hanusi hata. Dawa ya maumivu ni meloksikamu, mara moja kwa siku akishakula. Wifi yangu alikuja na diklofenaki zake za magoti akasema mpe nusu, itamsaidia. Nilishaikata, Mama Imani, ilikuwa mkononi, nikasema ngoja nimpigie daktari kwanza. Akapaza sauti: usithubutu! Dawa hizo zingemtoboa tumbo na kumuua figo, tena juu ya hiyo anayotumia. Usimpe Pili dawa yoyote ya watu ya maumivu, hata akichechemea tu.

Usiku nahesabu pumzi. Akiwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka ni moja, kwa dakika nzima. Zikizidi thelathini mara kwa mara nimpigie daktari. Jana nilipata thelathini na nne, nikakaa kitako pale sakafuni, nikahesabu tena baada ya nusu saa zikawa ishirini na sita. Sikulala tena.

Maneno yapo. Watu wanasema mbwa anapelekwa Arusha wakati kuna watoto hawajalipiwa michango ya shule. Yananiuma, siwezi kukuficha. Huyu amelala mlangoni kwetu miaka kumi, na Baraka alijifunza kusimama kwa kushika manyoya yake. Nikimwacha aoze nyuma ya banda kwa kuwa ni mbwa, Baraka atajifunza nini kwangu? Baba Baraka haongei sana, ila ameitoa pikipiki stoo ili Chausiku apate pa kulala pasipo na upepo.

Nina ombi. Daktari anasema meloksikamu ikishindwa tutaongeza tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, lakini kwa sasa hajaipata. Unaweza kupita pale hospitali ya wanyama SUA, Pili ukiwa naye, uwaulize kama wanayo na kama wanaweza kuongea na daktari wangu? Na Pili mwenyewe wamkague, hata kama wewe hukugusa kitu.

Tena kuna lile la sindano ya mwisho, ya kumpumzisha. Daktari alinipa kalenda ya kupiga alama: duara siku akila na kwenda getini, mkasi siku asipofanya hivyo. Mikasi ikizidi duara, tuzungumze. Mwezi huu duara kumi na moja, mikasi mitano. Jana na juzi ni mikasi.

Mama yao Pili na Chausiku alikufaje? Nakumbuka ulimfunika khanga ukakataa tuongee, na mimi sikukubana. Alikuwa na uvimbe? Ulijuaje kwamba imetosha, au hukujua? Pili alishafungwa kizazi baada ya kuhama, au bado? Umemgusa kweli, au umesoma moja kwa moja mpaka hapa? Na ile siku ikifika, utaweza kupanda basi uje? Baraka anasema Chausiku atakukumbuka kwa sauti, maana ukipiga simu nikiweka spika masikio yanasimama. Basi piga, hata kama nitalia. Jioni baada ya saa moja nakuwa nimeshamfunga fulana.

Wako,
Mama Baraka

Namba ya yale majibu ya Januari iko nyuma ya karatasi hii, watakuuliza.