Komisio yetu inalipia nini: parseli, livreti ya babu na cheti cha usajili

Kila mara kuna mtu anayekaa mbele ya meza ya ofisi yetu ya kuuzisha nyumba hapa Lubumbashi na kulalamika: komisioneri (dalali) wa barabarani anaomba kidogo, tena anaonyesha parseli, yaani kiwanja, siku hiyohiyo, kumbe sisi tunamkalisha mteja wiki nzima na bado tunadai zaidi. Juzi papa mmoja alituita wezi mbele ya wateja wengine. Tunamjibu hapa, yeye na wenzake.

Kuonyesha nyumba ni kazi ya mchana mmoja. Tunacholipisha ni kufuata majina ya wenye mali.

Baba yetu alianzisha ofisi hii wakati wa Zaire. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuwa imeweka udongo wote mikononi mwa Serikali. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama kwa cheti cha usajili kutoka kwa konservateri, ofisa wa Serikali anayeandikisha ardhi. Novemba ya mwaka uleule Mobutu akatangaza zairianizasio, mali nyingi za wageni zikapewa watu wengine. Kwa hiyo baba akawa anaandika kwenye daftari kila nyumba aliyoishika, pamoja na wenye nyumba wote tangu wa kwanza. Madaftari yale tunayafungua mpaka leo.

Katika komuni za Kamalondo, Kenya na Katuba hapa mjini, shida kubwa ni livreti za zamani, yaani vitabu vidogo vya mwenye parseli. Sheria ya 1973 inampa Mkongomani mwenye livreti haki ya kupata konsesio ya kudumu (haki ya kutumia udongo bila mwisho), lakini familia nyingi hazikwenda kuibadilisha. Babu amekufa, baba amekufa, livreti imebaki sandukuni na jina la babu.

Mteja mmoja alichoka kutungoja akanunua parseli komuni ya Kenya kwa mtoto mkubwa wa familia. Karatasi ya mauzo ikasainiwa, shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) akapiga muhuri, watu wakanywa bia. Alipoanza kuinua ukuta, wadogo wa muuzaji wakatokea Likasi na Kolwezi, na mama yao mjane. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesaini! Alilipa mara ya pili ili wasimpeleke kortini, kisha akatuletea faili tulitengeneze. Hapo komisio yetu aliyoikimbia ilikuwa pesa ndogo sana.

Hata cheti chenyewe hatukiamini kwa macho. Upande wa kartie ya Golf tumewahi kukuta vyeti viwili juu ya parseli moja. Tulikwenda kadasta, ofisi inayopima parseli, tukalinganisha namba na mipaka, tukauliza kila kimoja kilitolewa lini, kwa sababu cheti kikipita miaka 2 bila kupingwa, kukiangusha ni vigumu sana. Mteja wetu hakutoa hata faranga moja kwa yule muuzaji. Kazi ile ilichukua muda, na tunajivunia kwamba tuliifanya bila haraka.

Kabla ya kutoa avansi (malipo ya kwanza), leta kopi ya livreti au ya cheti, na majina ya warithi wote. Muhuri wa shefu wa kartie peke yake hautoshi.